Kabla hujampeleka Mama kwa daktari wa meno

Leicester, Jumanne usiku

Zuhura mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo, watoto wanakuamkia, baridi ndiyo hiyo hiyo. Nimekupigia tangu magharibi, simu inaita tu. Huko Muscat sasa mmelala, basi nakuandikia uikute hii ukiamka, kabla hujamtoa Mama nyumbani.

Ujumbe wako wa sauti nimeurudia. Umesema Mama akitafuna nyama taya linamchoka na kuuma, akipumzika linatulia. Kichwa nacho kinamgonga upande. Halafu ukapitisha, kama jambo dogo, kwamba Salma akimchana nywele analia. Moyo ulinipasuka hapo. Zuhura, hilo si jino.

Ile dripu ya pembrolizumabu anayotundikiwa Mama kwa saratani yake haiui saratani yenyewe. Seli za kinga zina breki iitwayo PD-1, aliyoigundua mwanasayansi Honjo na wenzake kule Kyoto, Japani, mwaka 1992. Mwaka 2018 yeye na mwanasayansi mwenzake Allison wakapewa Nobel kwa kazi ya breki hizi. Saratani huikanyaga breki isishambuliwe, dawa inaiachia. Ikishaachiwa, kinga yaweza kuugeukia mwili wenyewe. Wodini tunaona ngozi, matumbo, tezi ya shingoni. Mishipa ya damu ni nadra sana, ndiyo maana hata daktari hodari hupitiwa. Lakini hutokea: kuta za ateri za kichwani, hasa ile ya kwenye panja, huvimba na kubana njia ya damu. Taya likifanya kazi damu haitoshi, linauma. Na ateri inayolisha jicho ikibanwa vilevile... Mtu hupofuka ghafla, na mara nyingi uoni huo haurudi.

Kwa hiyo asubuhi usiende kwa wa meno. Nendeni kitengo cha saratani. Wakiwazungusha, nendeni dharura. Mtaje dawa kwa jina, mseme taya, kichwa, ngozi ya kichwa. Ombeni ESR na CRP, vipimo vya damu vya kuonyesha uvimbe mwilini, siku hiyo hiyo, na ultrasaundi ya panja. Wakishuku, prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, haingoji majibu ya kipande cha mshipa, huanzwa papo hapo. Najua utaniambia sukari ya Mama. Itapanda, kweli, nao wataifuatilia na kuongeza dawa ya sukari. Jicho likienda hatuna cha kuongeza.

Dripu ijayo nayo asitundikiwe kabla daktari wake hajasikia haya yote. Na usimwachie Sudi aseme tusimsumbue daktari. Sudi namjua, hata homa yake mwenyewe huificha.

Inawezekana ni kitu kingine kabisa, na nitashukuru Mungu ikiwa hivyo. Ila jicho la Mama siliwekei bahati nasibu.

Sasa nijibu. Ameona ukungu, au kiza jicho moja, hata kwa dakika chache? Anaona viwili viwili? Mabega na nyonga vinakakamaa asubuhi? Ukiligusa panja lake, mshipa ni mgumu, unamuuma? Dripu ya mwisho ilikuwa lini? Kile kikadi cha tiba anatembea nacho? Na wewe unalala? Nani anakupokea zamu?

Harusi ya Rukia tutaizungumza baadaye. Nipigie saa yoyote, simu naiweka chini ya mto wa kulalia.

Nduguyo,
Mwanaidi