Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, walimu wakuu, wawakilishi wa wazazi na wageni wetu kutoka shirika tunaloshirikiana nalo,

Katiba yetu inanitaka nieleze kamati imefanya nini tangu tulipokutana mara ya mwisho. Hesabu zimekaguliwa na Mweka Hazina atazisoma. Orodha ya shule zilizojiunga na zilizojitoa mnayo kwenye makabrasha. Kwa hiyo mniruhusu nitumie muda wangu kwa suala lililotuchosha kuliko yote vikaoni: shule zetu ni washirika wa kazi hii ya kusaidia shule za ng'ambo, au ni masanduku ya michango tu?

Kuchangisha tunakujua. Matembezi, maonyesho ya vipaji, kuuza kazi za mikono za wanafunzi, yote yalikwenda vizuri, na sina la kuongeza ila shukrani. Watoto kuwachangia watoto wenzao si jambo geni. Mwaka 1950, huko Philadelphia, watoto wachache walizunguka nyumba kwa nyumba na maboksi ya maziwa yaliyopakwa rangi, wakapata dola 17 za kuipelekea UNICEF. Mchango ule mdogo ukazaa kampeni kubwa. Shida yetu huanza fedha zikishatumwa. Mgeni wa shirika alipotembelea moja ya shule zetu na kueleza darasa la tano jinsi msaada unavyotumika, msichana mmoja alinyoosha mkono akauliza, "Na wao wanajua sisi tunaitwa nani?" Mgeni alimtazama mwalimu, mwalimu akanitazama mimi.

Ndipo tulipoamua kuzitazama upya barua. Zile za mwanzo kutoka shule za ng'ambo zilifanana kama zimepigwa muhuri: asante kwa madawati, Mungu awabariki, tunasoma kwa bidii. Aliyewahi kufundisha anajua maana yake. Mwalimu ameandika ubaoni, watoto wamenakili. Na kwa nini asiandike, ikiwa barua zetu sisi zilikuwa zinasubiri shukrani? Tukakubaliana na shirika kwamba pande zote mbili ziache kushukuru na kupongezana, ziulizane maswali. Awamu iliyofuata ikaja na mchoro wa goli la mawe mawili, na maelezo marefu ya ubishi kama mpira ulipita ndani au juu ya jiwe. Mvulana mwingine alilalamika kuhusu mwalimu wao anayetoa hesabu nyingi siku ya Ijumaa, na darasa zima la upande wetu likamwandikia pole. Sijaona wanafunzi wakigombea kuandika insha namna ile.

Hili nalo lina historia. Mwaka 1949 msichana wa miaka 7 wa Chekoslovakia, Jitka Samkova, alichora picha ya kuishukuru UNICEF kwa msaada uliofika kijijini kwao baada ya vita. Picha hiyo ndiyo iliyokuwa kadi ya kwanza ya salamu ya UNICEF, na kadi hizo zikaja kuchangisha fedha kwa ajili ya watoto wengine. Aliyesaidiwa alikuwa na cha kutoa. Mara nyingi sisi hatuulizi.

Barua zote hupitia ofisi ya shirika. Hazibebi jina la ukoo, anwani wala namba ya simu, na mwanafunzi haruhusiwi kumtafuta mwenzake mitandaoni. Najua baadhi ya wazazi wameona huu ni urasimu. Kamati haitalegeza hapo.

Picha zilituletea mvutano zaidi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 16, unamlinda mtoto dhidi ya kuingiliwa faragha na kuvunjiwa heshima. Hata hivyo kuta za shule zetu zilikuwa na mabango ya watoto wanaolia, wenye kamasi, bila jina wala ridhaa ya mtu. Kanuni tuliyopitisha ni fupi: picha ambayo usingekubali ibandikwe ya mwanao, usibandike ya mtoto wa mwenzio. Mwalimu mkuu mmoja alituambia waziwazi kwamba michango itaporomoka. Ilipungua muhula wa kwanza, kisha ikarudi. Binafsi ningeitetea kanuni hii hata kama isingerudi.

Kuhusu vifurushi nitasema kwa kifupi. Shirika limetuomba kwa upole, kwa muda mrefu mno, tuache kutuma vitu vilivyotumika, kwa sababu usafiri na ushuru huweza kuzidi bei ya kununua kitu kipya kule kule. Katika boksi la mwisho kulikuwa na vitabu vya mazoezi vilivyokwisha kujazwa majibu. Na hayakuwa sahihi yote. Vifurushi basi.

Lililobaki linahitaji kura yenu leo. Baadhi ya shule hufadhili mtoto mmoja mmoja, utaratibu unaojulikana tangu shirika la Plan lilipoanza mwaka 1937 kuwasaidia watoto wa vita vya Hispania. Faida yake ni kwamba mchangiaji anamwona mtu, haoni namba. Lakini jirani wa mtoto yule kwenye dawati hilo hilo anaona nani kapata na nani kakosa. Kamati inapendekeza fedha ziende kwa shule nzima: maji, madawati, na vyoo vya wasichana vyenye milango inayofungwa kwa ndani. Pia kila shule iahidi miaka mitatu. Shirika haliwezi kumwajiri mwalimu kwa mchango wa muhula mmoja usiojulikana kama utarudi. Watoto wanaofadhiliwa sasa wataendelea hadi wamalize msingi. Hatumtoi mtu njiani.

Udhaifu wetu mkubwa uko kwa waratibu. Mwalimu mwenye moyo akihamishwa, ushirikiano wa shule nzima hufa naye, na barua za ng'ambo hukaa kabatini bila kujibiwa. Kuanzia mwaka ujao kila shule itakuwa na waratibu wawili, na mkuu wa shule atawapunguzia vipindi. Bila hilo la vipindi, tutakuwa tunamtwisha mzigo mtu yule yule anayekubali kila kitu.

Tarehe 20 Novemba, siku Mkataba ule ulipopitishwa, shule za pande zote mbili zitafundisha somo moja kuhusu ibara ya 12, inayompa mtoto haki ya kusikilizwa. Maswali ya somo yatatungwa na wanafunzi, nusu kutoka kwetu na nusu kutoka kwao. Kalenda za mihula hazilingani, kwa hiyo yetu yamfikie Katibu mapema. Fomu za waratibu ziko mezani kwake.

Naomba kuwasilisha.