Barua kwa Bi Zuhura, kuhusu tarehe aliyoiacha ipite

Mkomani, Lamu
3 Agosti 2025

Kwako dada yangu Zuhura,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto wote wa nyumba ya Shela ya Malindi. Sisi hapa Amu hatujambo, tunamshukuru Mungu. Pepo za kusi mwaka huu hazijapumzika, boti za Mokowe zinafika na abiria wameloa hadi kifuani, na mama yake Fatuma, aliyerudi juzi kutoka Faza, anakusalimu sana.

Nimeamua kukuandikia badala ya kukupigia, kwa sababu katika simu tatu za mwisho, kila nilipokuuliza habari ya macho ulijibu "tunashukuru", kisha ukanihamishia kwenye harusi ya Mwanaisha. Wiki iliyopita Mwalimu Athumani alipita hapa akitokea huko, akanieleza kwamba tarehe uliyopewa ya kupasuliwa mtoto wa jicho ilifika ikapita nawe umekaa nyumbani, na kwamba muuguzi alipokupigia ulimwambia una mgeni. Zuhura, mgeni huyo namfahamu. Alikaa kwangu mwaka mzima na miezi miwili, na sikumwambia mtu yeyote, hata wewe.

Ulipokuja kwenye Maulidi ya mwaka juzi ukanikuta nimekaa dakani na kofia mapajani, ulinisifu kwamba bado ninashona kama tulipokuwa wasichana. Sikukwambia kuwa sindano zote za siku ile alinitungia mjukuu wangu Aisha kabla hujabisha hodi. Zilikuwa kumi na mbili, nami nilizichomeka kwenye mto kwa safu ili nisihitaji kutunga uzi mbele yako. Nilikuwa nikihesabu vidato kwa miguu, nikipita uchochoroni kwa kupapasa ukuta, na nikisikia kwato za punda nilisimama kando mpaka apite, kwa kuwa sikuweza kujua mzigo wake umetokeza upande gani. Watu waliniona mtaratibu. Baadhi walidhani nimekuwa mcha Mungu zaidi, kwa jinsi nilivyokuwa nikitembea nimeinamisha kichwa.

Kilichonifichua ni kofia ya harusi ya mtoto wa Bi Khadija. Niliishona miezi minne, nikaikabidhi kwa furaha, na usiku wa siku ya pili Bi Khadija akaja nayo peke yake, ameifunga ndani ya leso ili asije akaiona mtu njiani. Hakulalamika, wala hakudai fedha yake. Aliniwekea mapajani akasema, "Dada, huoni." Nililia kwanza kwa aibu, kisha nikaendelea kulia kwa kuwa nimetuliwa mzigo. Wazee walisema mficha maradhi kilio humfichua, na kilio changu kilikuwa kofia hiyo. Wiki iliyofuata tulivuka kwenda Mokowe alfajiri, tukapanda basi, Witu, Garsen, hadi huko kwenu, na wewe ukadhani nimekuja kununua vitambaa. Nisamehe. Usiku ule nililala nyumbani kwako, na siku ya pili nilikwenda kupimwa macho mtaa wa pili tu kutoka mlangoni pako.

Tangu utotoni niliamini, kama ninavyojua nawe unaamini, kwamba mtoto wa jicho ni utando unaoota juu ya jicho, na kwamba ukipata dawa yake utayeyuka. Daktari alinionyesha picha. Ni lenzi iliyomo ndani ya jicho lenyewe inayoingia ukungu kadiri umri unavyosogea, na kwa mwenye sukari kama wewe ukungu huo huja mapema zaidi. Hakuna tone la dawa linaloweza kuusafisha. Asali unayotia jichoni usiku, kwa maana Mwalimu ameniambia hilo pia, haiufikii huo ukungu hata kidogo, na inaweza kukuletea uambukizo utakaoliharibu jicho zima. Duniani kote hakuna ugonjwa unaopofusha watu wengi kuliko huu, na wengi wa waliopofuka kwa sababu yake wangeona tena kama wangepasuliwa.

Sasa nikueleze chumba chenyewe, kwa kuwa nadhani ndicho unachokiwaza usiku. Nilifikiri nitapigwa nusukaputi, lakini sikulazwa usingizi. Walinichoma sindano ya ganzi kando ya jicho, wakanifunika uso kwa kitambaa chenye tundu moja, nami nikawa nasikia kila wanalosema huku sioni ila mwanga unaotikisika kama jua unapolitazama ukiwa umezama ndani ya maji. Walitoa lenzi iliyoharibika wakaweka ya plastiki, kijitu cha ukubwa wa punje ya dengu. Nusu saa haikutimia. Muda wote huo nilikuwa naogopa, Zuhura, na jambo hili nataka ulishike, kwa maana huenda unangoja hofu iishe ndipo upange safari. Yangu haikuisha. Mkono wangu ulitetemeka mpaka muuguzi akaushika, akaendelea kuushika mpaka mwisho, na mimi sikuona haya, kwani haya zangu zilikwisha usiku ule Bi Khadija alipofungua leso.

Asubuhi yake walipotoa bandeji, kitu cha kwanza nilichokiona ni mikunjo ya vidole vya yule muuguzi, mmoja mmoja, na ukucha wake uliobakia hina kidogo kwenye ncha. Nilimshika nikautazama mkono wake kwa muda mrefu, naye akaniacha. Nilipofika nyumbani niliitoa ile kofia. Nusu ya pambo nilikuwa nimetia uzi mweupe na nusu uzi wa rangi ya maziwa, na sikujua, kwa sababu ule ukungu hupaka umanjano kila kitu, hata anga. Kuanzia mzunguko wa tatu vitobo vyenyewe vilikuwa vimekwenda upande. Nimeiweka sandukuni jinsi ilivyo. Aisha alitaka aifumue aokoe kitambaa, nikamkataza.

Ninajua kuna swali unaloona haya kumwuliza daktari, nalo ni la udhu na sijda. Mimi pia liliniumiza, kwani nilikatazwa kutia maji usoni, kuinama, kubeba kizito na kulisugua jicho mpaka kidonda kipone, na kwa wiki kadhaa nilitiwa matone kwa saa maalumu. Nilimwuliza ustadhi wetu. Alinielekeza jinsi ya kutawadha viungo vingine na kutayamamu kwa ajili ya uso, akaniambia niswali kitini nikiashiria sijda kwa kichwa. Sikukosa hata sala moja.

Kuna jambo jingine linalonifanya nisiweze kunyamaza. Unamkumbuka mzee wa Matondoni, fundi aliyeunda mashua ya marehemu baba yako? Kwa miaka miwili aliwaambia watu ana mtoto wa jicho na kwamba atakwenda kupasuliwa likikomaa. Alipokubali kupelekwa, alikutwa na presha ya jicho, na kile kinachochukuliwa na presha ya jicho hakirudishwi na upasuaji wowote. Hivi sasa anashika ubao, anaupapasa kwa kiganja, na kuwaelekeza wanawe warande wapi. Wewe umeshapimwa na umeambiwa lako linatibika. Tena hilo la kungoja likomae ni la zamani, kwani likiachwa sana huwa gumu na kazi ya kulitoa huwa nzito, na wakati mwingine lenyewe huliletea jicho presha. Ikiwa walikwambia sukari ishuke kwanza, hiyo ni sababu ya haki ya kusogeza tarehe, na uniambie ili tujue ya kufanya. Mgeni asiyekuwapo si sababu.

Nimekuandikia haya nikiwa na jicho moja tu lililotengenezwa. La kushoto bado, na tarehe yake ni 9 Septemba, huko huko Malindi. Nilidhani mara ya pili nitakwenda kama anayekwenda sokoni, lakini tangu nipewe karatasi ile usingizi umepungua, na mara mbili nimejikuta nikitafuta udhuru: bahari chafu, mjukuu ana mtihani, paa linalovuja halijazibwa. Kwa hiyo ninakuomba kama anayehitaji, si kama anayefundisha. Nimewaomba wakuwekee siku hiyo hiyo, nao wamekubali wakisema lazima upige simu mwenyewe kuthibitisha. Tukae benchi moja, Zuhura, kama tulivyokaa tulipokuwa tukingoja kutogwa masikio.

Ninajua pia kwamba barua hii utasomewa na Salma, na nimeandika nikilijua hilo. Salma mwanangu, usiruke mstari, na bibi yako akikwambia "inatosha", endelea. Usimkasirikie kwa kukuficha. Alikuwa akikulinda wewe, kama mimi nilivyodhani ninamlinda Aisha kwa kumtungisha sindano bila kumwambia ni kwa nini.

Basi nijibu haya, dada yangu. Sukari yako ilikuwa ngapi mara ya mwisho kupimwa, na dawa unazimeza kila siku au siku unazojisikia vibaya tu? Asali umeiacha? Umejiandikisha SHA, bima mpya ya afya ya serikali, maana ile ya NHIF haipo tena tangu Oktoba 2024, au kadi uliyonayo ni ile ya zamani? Shemeji anajua kwamba tarehe ilipita, au naye aliambiwa kuna mgeni? Ni kweli uliungua mkono jikoni, kama Mwalimu alivyosema, ukasema ni mafuta yaliyoruka? Na kama unachoogopa ni kitu ambacho sikukitaja humu, ni kitu gani?

Nitashuka Malindi tarehe 7, siku mbili kabla, na nitakuja na mkate wa mofa wa Bi Khadija na zile leso ulizoziacha. Mwambie Salma aandike majibu kwa mkono wake, lakini maneno yawe yako, nami nitayasoma mwenyewe.

Ni mimi dada yako,
Mwanaamina