Kabla ya Kutandaza Pevingi kwenye Kiwanja cha Mtaa

Wateja wengi wanaofika ofisini kwetu, wawe kamati ya mtaa, uongozi wa shule au waumini wanaotaka kutengeneza eneo la mbele ya msikiti au kanisa lao, huja na picha iliyokwisha kukamilika vichwani mwao: pevingi kutoka ukuta hadi ukuta, safu ya miti ya ashoki kando ya uzio, geti la chuma na taa mbili. Picha hiyo tunaielewa. Ni safi, ina mpangilio, na inawaonyesha waliochanga kwamba fedha yao imefanya kazi. Hata hivyo, kwa miaka tuliyofanya usanifu wa mandhari hapa Dar es Salaam, tumeona mara nyingi kwamba kiwanja kikishatengenezwa hivyo, watu waliokuwa wakikaa pale kila jioni hawarudi tena, na mvua ya kwanza kubwa huzua ugomvi na majirani.

Tuanze na maji, kwa kuwa ndiyo yanayowaumiza watu haraka. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kiwanja cha mita za mraba 1,000, ambacho ni kidogo tu, kikipata milimita 50 katika siku moja ya masika, kimepokea lita 50,000, yaani sawa na maboza matano ya lita 10,000 yaliyomwagwa mahali pamoja. Udongo wa kichanga wenye ukoka hunywa sehemu kubwa ya maji hayo polepole. Pevingi zilizotandazwa juu ya kifusi kilichoshindiliwa, na nafasi zake zikazibwa kwa saruji, hazinywi karibu chochote, na maji yote hutafuta mteremko. Huingia kwenye mtaro ambao mara nyingi umejaa mchanga na chupa za plastiki, au huingia kwa jirani.

Tunalijua hili kwa kulifanya wenyewe. Katika moja ya kazi zetu za mwanzo, kwenye shule moja ya msingi, tulitandaza pevingi uwanja mzima kama tulivyoombwa. Masika yalipofika tuliitwa na mama anayeishi nyuma ya ukuta wa shule. Alikuwa ameanika godoro juu ya uzio, na sakafu yake ilikuwa na tope lenye rangi ya vumbi la pevingi zetu. Tulirudi tukang'oa ukanda wenye upana wa mita mbili upande wa chini, tukauchimba uwe bonde dogo lenye kokoto chini na nyasi juu, ili maji yatulie na kuzama kabla ya kufika ukutani. Tangu siku hiyo, kabla ya kuchora chochote, tunachimba shimo la futi mbili, tunalijaza maji na kuangalia saa tuone yanachukua muda gani kuzama. Shimo hilo halimgharimu mteja chochote, na hutueleza kuhusu kiwanja mambo ambayo ramani haiwezi kutueleza.

Jambo la pili tunaloomba ni muda wa kukaa tu na kutazama, asubuhi, mchana wa jua kali na jioni, na ikiwezekana siku ya mvua. Wateja wengine huona kwamba tunapoteza muda. Kwetu hii ndiyo kazi yenyewe. Katika kiwanja kimoja cha upande wa Tabata, kijia cha wanafunzi kilikata kutoka kona moja hadi nyingine, kimekanyagwa mpaka kimekuwa kigumu kama sakafu. Wazee wa bao walikuwa chini ya mwembe, wakihamisha benchi lao mara tatu kwa siku kufuata kivuli. Mama muuza mihogo ya kukaanga alikuwa amechagua mahali ambapo kijia kinapita na upepo unapeleka moshi mbali na wateja wake. Wavulana walicheza chandimu katikati, wakiwa wameweka matofali kuwa magoli, na wasichana waliotaka kucheza rede walikuwa wamebanwa pembeni kabisa, karibu na mahali pa kutupia taka.

Mchoro uliotoka hapo haukuwa na mambo mengi mapya. Kijia kilibaki palepale, tukakipa upana wa mita 1.8 ili viti viwili vya magurudumu viweze kupishana, na mahali kinapopanda tukaweka mteremko usiozidi sentimita moja kwa kila sentimita 12 za mwendo. Pevingi ziliwekwa hapo tu. Mwembe ulizungushiwa kibaraza cha duara, kwa hiyo wazee sasa huzunguka na kivuli bila kubeba benchi. Mahali pa taka palihamishwa karibu na barabara ambako gari linaweza kufika, na nafasi ile ikawa ya rede, mbele ya kibaraza, ambako watu wazima wanawaona wasichana wakicheza. Katika kazi yote ile, hili la mwisho ndilo tunalolithamini zaidi.

Kuhusu miti, tunaomba radhi kwa wapenzi wa ashoki. Ni mti mzuri kwa kupamba ukuta, lakini umesimama kama nguzo na kivuli chake ni chembamba. Mtu anayetafuta mahali pa kukaa saa saba mchana anahitaji mkungu, mwembe, mwarobaini au mkwaju. Mkungu hutanda haraka, ila mizizi yake huinua pevingi na kuingia kwenye chemba, kwa hiyo tunaupanda mbali na vyote viwili. Miche tunaiweka ardhini masika yanapoanza, na mkataba wetu unamtaja kwa jina mtu wa kuimwagilia kuanzia Juni hadi vuli, kwa kuwa miche mingi ya mjini hufa katika miezi hiyo.

Jiji letu lina mfano wake wa nguvu ya eneo la wazi. Viwanja vya Mnazi Mmoja vilitengwa wakati wa ukoloni ili Kariakoo ya Waafrika itenganishwe na upande wa Wahindi na Wazungu. Leo watu huvikatiza kila siku kati ya Kariakoo na Posta, na Mnara wa Mwenge wa Uhuru umesimama papo hapo. Ardhi ile ile iliyotengwa kama mpaka imekuwa njia, kwa sababu ilibaki wazi.

Kwa viwanja vilivyo kando ya Mto Msimbazi na vijito vyake, tunasema mapema kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hapo hatuchori vibanda wala kuta. Tunazungumza kwanza na mamlaka husika, kisha tunafikiria nyasi, miti na uwanja wa mpira ambao maji yakiupitia, kesho yake unafagiliwa na kuchezewa tena. Huko Boston, Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, Frederick Law Olmsted alitengeneza Back Bay Fens kwa fikra ya namna hiyo: kazi ya kudhibiti mafuriko na maji machafu ikawa pia bustani ya watu.

Mkija kutuona, leteni muhtasari wa mkutano wa mtaa uliokubali mradi na nakala ya ramani ya mipango miji inayoonyesha kwamba eneo ni la wazi. Mje pia na mkazi mmoja wa siku nyingi, anayeweza kutupeleka kwenye ukuta wa nyumba yake na kutuonyesha kwa kidole maji yalifika wapi.