Kwa mwanangu wa Lexington, juu ya ile mambo ya chuo

Mama yangu, habari ya huko? Sisi hapa Bukavu tuko, koko anakusalimia, goti bado linamsumbua ila kila asubuhi anapanda mpaka soko ya Kadutu juu hataki kuambiwa amezeeka. Odio yako ya dakika 11, yenye unauliza kama uanze na biokemia kabla ya farmasia, kazi ya dawa, na uende chuo gani, nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza jenereta ya jirani ilikuwa inapiga kelele sikushika kitu.

Nikwambie ukweli, ulinichanganya. Huku kwetu mtoto akipata diploma yake ya Exetat, ule mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, anaingia moja kwa moja kwa fakilte ya farmasia, iwe hapa ao Lubumbashi, anavumilia miaka yake na imeisha. Sasa weye unaniambia biokemia miaka 4 halafu farmasia 4 ingine, nikahesabu na vidole, 8! Nikasema huyu mtoto wamemdanganya. Nikauliza, nikasoma, kumbe ndio mambo ya Marekani, ile Pharm.D. yao, digrii ya farmasia, ni miaka 4 na lazima kuwe msingi chini yake. Ila msingi si lazima iwe digrii nzima. Shule nyingi za farmasia huko zinataka tu orodha ya masomo, kemia ya kawaida, kemia oganiki, biolojia, anatomia, mikrobiolojia, hesabu na takwimu, mtu akikaza anaimaliza kwa miaka 2 ao 3. Na wakishakuona umetimiza hiyo orodha hawakuulizi kama ulisoma biokemia ao historia.

Kwa hiyo nasema usianzie kwa chuo. Anzia mwisho. Chukua shule 3 za farmasia zenye ungependa kuingia, andika orodha ya kila moja, kisha ndio uangalie chuo gani kinafundisha hayo yote na kwa bei gani. Juu biokemia nayo iko na mtego wake, program imejaa fizikia na kemia fizikia mpaka juu, na anatomia ao mikrobiolojia unaweza kukuta haimo kabisa, unamaliza miaka 4 na digrii nzuri mkononi halafu unaambiwa bado anatomia, rudi.

Sikukatazi hata hivyo. Ukifika mwaka wa tatu ukaona kusimama nyuma ya kaunta si kazi yako, biokemia itakupeleka kwa labo, kwa utafiti, hata kwa udaktari, na mi sitakasirika. Najua hii hamu ilianzia hapa kwa depo yetu ya dawa, ulikuwa na miaka 9, mama mmoja akaomba vidonge 4 vya amoksisilini ukamwambia mama hivi havitoshi, mtoto wako atapona nusu. Akakuangalia vibaya, akanunua 4. Ulilia. Lakini sitaki usome miaka 8 juu ya huruma ya siku moja, ao juu yangu mi papa yako.

Sasa ile chuo ya mbali yenye majengo ya mawe, yenye tantini wako anaisifia. Nzuri sana kwa picha. Waulize kemia oganiki ya kwanza wanaifundisha mara ngapi kwa mwaka. Haya masomo yanafuatana kama ngazi, kemia ya kawaida semesta 2, oganiki semesta 2, ndipo biokemia, na kwa vyuo vidogo oganiki ya kwanza mara nyingi inaanzaka tu mwezi wa 8 ao wa 9, ukianguka ama ukiugua unangoja mwaka mzima. Waulize pia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anagusa vyombo vya labo ao anaangalia tu. Mi nilianzaka kemia kwa chuo kimoja sitakitaja, jina kubwa, kila mtu alinipongeza, na mwaka mzima hatukuona bureti, ile mrija wa kupimia maji ya kemia tone kwa tone. Tuliichora kwa tablo. Profesa akachora na tone likianguka, kwa chaki nyekundu, tukalinakili kwa kaye, daftari zetu! Bureti ya kweli niliishika nikiwa na miaka 26.

Kuhusu makuta, banki zilipofungwa hapa mwaka 2025 nilijua kwamba minervali yako, ile ada ya chuo, haitatoka Bukavu, nisikudanganye. Jaza ile FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo kwa serikali ya Marekani, mapema usingoje tantini akukumbushe. Bursi ya Pell, ile ya serikali yao, mtu hairudishi, ila inasaidia tu kabla hujapata digrii ya kwanza, farmasia ikianza watu wengi wanaishi kwa mkopo, kwa hiyo deni usilianze na miaka ya biokemia. Hapo Lexington muko na University of Kentucky, ni ya serikali, mkaaji wa Kentucky analipa chini kuliko mtu wa kutoka nje, na fakilte ya farmasia iko hapo hapo, unalala kwa tantini unakula ugali na sombe yake bure. Ingawa kusoma hapo si tiketi ya kuingia farmasia yao, utaomba kama wengine.

Na yule kaka wa kanisani anayekuuzia vitabu vya PCAT, mtihani wa kuingia farmasia, mwambie asante, ule mtihani waliufuta Januari 2024.

Mi roho yangu iko Lexington, umeshaiona. Lakini kama majibu ya ile ya majengo ya mawe ni mazuri na bei ikashuka kweli, kwa karatasi si kwa mdomo, tutaongea tena.

Tuma zile orodha 3 kabla ya siku ya yenga, Jumapili. Andika kwa karatasi upige picha, odio zako zinamaliza mega zangu.

Papa yako