Kiti cha gemu chenye kikalio laini: cha kukagua kabla hujalipa

Wateja wengi wanaotuletea viti vya gemu hapa karakanani kwetu Keko, Dar es Salaam, wana malalamiko yanayofanana. Kiti kinapendeza, mgongo unalala mpaka nyuma, mikono inapanda na kushuka, lakini baada ya saa moja makalio yanauma na mtu anaanza kukaa upandeupande. Wengine wamekinunua juzi tu. Wanachouliza kwanza ni kama tuna kiti kingine kilicho laini zaidi. Vipo, lakini kwanza elewa kwa nini cha kwako ni kigumu, maana mara nyingi kinachotakiwa ni sponji mpya tu na kiti unabaki nacho.

Umbo lenyewe ni la magari ya mbio. DXRacer, kampuni iliyoanzia kwenye viti vya magari, ilitoa kiti chake cha gemu mwaka 2006, na wengi waliofuata wakanakili sura ile ile. Kwenye gari mabawa ya pembeni yana kazi: dereva akikata kona kwa kasi, yanamshika asiteleze. Mbele ya PlayStation hakuna kona. Mabawa yamebaki, na ndani yake mara nyingi kuna bomba la chuma lililofunikwa kwa sponji nyembamba. Mwenye mapaja mapana, au anayependa kukunja miguu juu ya kiti, analikalia bomba hilo. Huyo hata ukimwekea sponji ya bei gani hatapona. Anahitaji kikalio bapa na kipana, basi.

Ukiacha mabawa, tatizo lililobaki ni sponji, na hapa ndipo watu wanapotezwa zaidi. Muuzaji akikwambia "hii hai densiti", hajakwambia kama ni laini. Ugumu ni nguvu inayotakiwa kuibonyeza sponji. Densiti ni uzito wa malighafi iliyomo kwenye ujazo wake, na ndiyo yenye kuamua zaidi kama itadumu au itabonyea mapema. Ipo sponji nzito iliyo laini, na ipo nyepesi iliyo ngumu. Unachotafuta wewe ni nzito na laini, na ndiyo inayokosekana kwenye viti vingi vya bei nafuu, kwa sababu malighafi ndiyo pesa.

Densiti unaweza kuipima mwenyewe kwa mzani wa dukani. Chukua kipande cha sentimita 50 kwa 50, unene sentimita 10. Kama ni sponji ya kilo 20 kwa meta ya ujazo, kitakuwa na nusu kilo. Kama ni ya kilo 40, kitafika kilo moja. Kwa kiti kinachokaliwa kila siku, sisi hatushuki chini ya hiyo kilo moja. Angalia tu usiuziwe ile ya vipande vya rangi rangi vilivyogandishwa kwa gundi. Hiyo ni nzito kweli, lakini ni ngumu, na kazi yake ni kukaa chini kabisa kama msingi.

Dukani, bonyeza katikati ya kikalio kwa ngumi na uzito wako wote. Ukigusa ubao au mikanda iliyo chini, ondoka. Kisha kaa, na ukae kweli, dakika ishirini, hata kama muuzaji anakuangalia vibaya. Tunasisitiza hili kwa sababu sponji laini nyembamba ni tamu dakika mbili za mwanzo. Ukikaa wima, uzito mwingi wa kiwiliwili unashukia mifupa miwili iliyo chini ya nyonga. Sponji nyembamba inakubali mifupa ile ikazama mpaka chini, na kuanzia hapo unakalia ubao. Ndiyo maana mtu anaweza kununua kiti kilaini na akakilaumu kwa ugumu wiki hiyo hiyo.

Viti vya bei ya juu vina hadithi nyingine. Secretlab ya Singapore, kwa mfano, hutumia sponji inayomiminwa kwenye kalibu badala ya kukatwa kutoka kwenye bonge kubwa. Inashika umbo lake kwa muda mrefu, na ugumu wake ni wa makusudi, ili mwili usizame. Wapo wanaoupenda. Kama wewe unataka kikalio kinachokupokea, usinunue kwa kusoma sifa mtandaoni, kwa sababu uzito wa anayesifia unabadilisha kila kitu. Sponji ile ile inayombonyea vizuri mtu wa kilo 100 itakuwa ngumu kwa binti wa kilo 55.

Tukibadilisha sponji ya kikalio tunaipanga kwa tabaka. Chini inakaa nzito yenye ugumu wa wastani, kama sentimita tano au sita, ndiyo inayobeba mtu. Juu yake tunagandisha laini ya sentimita mbili hadi tatu, ndiyo inayopokea mifupa. Ukingo wa mbele tunauchonga ushuke, kwa sababu ukingo uliosimama wima unabana mapaja kwa chini na miguu inakufa ganzi. Mwisho tunatandaza pamba nyepesi ya polista kabla ya kuvisha kitambaa. Wengine hutuomba ile sponji inayorudi polepole ikibonyezwa, inayotumika kwenye mito ya bei. Tunaikubali kama tabaka la juu tu. Inalainika zaidi ikipata joto, kwa hiyo kwa hali ya hewa yetu ukiijaza kikalio kizima utazama, na joto la mwili litabaki humo humo.

Kitambaa nacho kina mchango kuliko watu wanavyodhani. Leza, yaani ngozi ya bandia, ikiwa nene isiyovutika na ikikazwa kama ngoma, inaifanya hata sponji laini ionekane ngumu, kwa sababu uzito wako unabebwa na leza kabla haujaifikia sponji. Halafu leza ya bei nafuu na hewa ya pwani haipatani. Joto na unyevu vinaivunja ile ngozi ya juu, nayo inaanza kubanduka maganda. Kwa wateja wa Dar, Tanga na Zanzibar tunashauri kitambaa cha kufumwa kinachovutika kidogo na kupitisha hewa. Chumba kisicho na AC utaona tofauti siku ya kwanza.

Kabla ya kutulipa chochote, jaribu mambo mawili nyumbani. La kwanza ni urefu. Shusha kiti mpaka nyayo zikae sakafuni zote, na nyuma ya goti ibaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Miguu ikining'inia, mapaja yanabebwa na ukingo wa mbele, na mtu analaumu sponji isiyo na kosa. Kama meza yako ni ndefu na huwezi kushuka, weka kibao chini ya miguu. La pili, kunja blanketi, ulikalie kwa siku chache. Maumivu yakipungua, basi ni sponji, njoo tuzungumze. Yasipopungua, au ganzi ikikufuata hata ukiwa umesimama, pesa hiyo ipeleke hospitali. Sponji haitibu mgongo.

Na kama bado hujanunua kabisa na bajeti ni ndogo, sisi tungechagua kiti cha ofisi cha mtumba chenye kikalio bapa kuliko kiti kipya cha gemu cha bei ya chini. Hakina mistari myekundu na hakipigi picha vizuri, lakini mara nyingi mitambo yake ni imara na sponji yake inabadilishika kirahisi. Pesa inayobaki inatosha kukivisha kitambaa cha rangi unayoitaka.

Ukiamua kuja kwetu, huna haja ya kupakia kiti kizima kwenye bajaji. Kigeuze, fungua bolti zinazoshikilia kikalio kwa chini, mara nyingi ni nne, kwa ile spana ya pembe sita iliyokuja kwenye boksi. Zifunge kwenye kifuko na uzibandike kwenye kikalio chenyewe, kwa sababu za mikono ya kiti na za kikalio huwa hazilingani urefu. Silinda ya gesi, ile nguzo inayopandisha na kushusha kiti, usiifungue. Na anayekikalia kiti aje mwenyewe, asimtume mdogo wake: tunamkalisha juu ya sponji ikiwa bado wazi, akisema hapa panauma tunapunguza au kuongeza tabaka la juu, na kitambaa tunakipiga pini akisharidhika.