Jua la Dar msilisingizie

Mhariri, pole na kazi. Mimi nimehamia Dar toka Dodoma na kilichonishangaza ni nguo, kule ukifua jinzi asubuhi saa nane mchana unaivaa, huku masika hii inashinda kambani siku nzima na jioni kiunoni bado mbichi na inanuka uvundo. Majirani wanasema eti jua halina nguvu, si kweli bana, hata likiwaka kali shida ni hewa ya pwani imeshajaa mvuke wa bahari. Maji yanatoka kwenye nguo ndio, ila mvuke ulioko hewani nao unarudi humohumo, unyevu ukifika asilimia 100 yanayotoka na yanayorudi yanakuwa sawa, hapo kivulini hata uanike wiki. Ndo maana jasho huku linatiririka tu halikupozi, na mtungi wangu wa udongo uliokuwa unatoa maji ya baridi Dodoma sasa yanatoka uvuguvugu (nilidhani umepasuka!). Feni inasaidia kwasababu inasukuma ile hewa yenye mvuke iliyoizunguka nguo, kwahiyo jamani anikeni panapopita upepo, sio chumbani madirisha yamefungwa.

Mkazi wa Mbagala, Dar es Salaam