Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Wakodishaji wa Pikipiki za Magurudumu Manne

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida za mwaka huu mnazifahamu: usafi wa ufukwe wa Shangani, ununuzi wa kofia ngumu za wageni na vifaa vya huduma ya kwanza. Sitazirudia.

Linalohitaji maelezo ni uamuzi wa kutoiandikia Halmashauri ya Manispaa barua ya kuomba pikipiki zetu za magurudumu manne ziruhusiwe kupita mitaani na kwenye lami iendayo Mikindani. Inasemwa kwamba nilijiamulia peke yangu. Mkutano uliitishwa kwa taarifa ya wiki mbili, wakahudhuria wanachama 14 kati ya 43, na waliohudhuria waliamua kwa kura. Wengi wanaolalamika leo sikuwaona siku ile. Isitoshe, mimi mwenyewe ninakodisha pikipiki mbili, hivyo hasara ya kutopita barabarani inanigusa kama inavyowagusa.

Nyingi ya pikipiki hizi hazina difu, yaani gia inayoruhusu gurudumu la kushoto na la kulia kuzunguka kwa kasi tofauti, kwenye ekseli ya nyuma, kwa hiyo magurudumu yote mawili huzunguka kwa kasi moja hata kwenye kona. Mchangani tairi huteleza kidogo na kona hukatika bila shida. Kwenye lami tairi hizo pana, zenye upepo mdogo, hung'ang'ania, na chombo kikapinduka kwa urahisi. Watengenezaji wenyewe hubandika onyo kwamba zisiendeshwe kwenye barabara za umma. Mwenzetu mmoja alitoa mfano wa Arizona, Marekani, ambako zinaruhusiwa. Ni kweli, lakini huko hudaiwa namba za usajili, bima, kioo cha kutazama nyuma, honi na taa ya breki. Zetu ngapi zina namba? Tungeomba ruhusa katika hali hii, tungewaita askari wa usalama barabarani wazikague hata zile zisizotoka ufukweni, jambo nililolisema tangu mwanzo na ninafurahi kwamba baadhi yenu mmeanza kulielewa.

Kuhusu ada, wanachama 17 tu wamelipa shilingi 20,000 kila mmoja, jumla 340,000. Zimetumika 312,000 na salio ni 28,000, ambalo halikutosha hata kukodi viti mlivyokalia, nimevilipia mimi.

Mwakani tunatarajia, ada zikipatikana, kuzungumza na wenye malori ya fuso ili pikipiki zipakiwe hadi ufukwe wa Msimbati, iwapo Hifadhi ya Bahari ya huko itaridhia. Mweka hazina atapokea ada mara baada ya kikao.

Mwenyekiti, Mtwara